Ganzi ya Meno: Subiri Mdomo Uwe Mzito

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimng'oa mama mmoja gego la chini ganzi ikiwa haijakolea. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikachoma, nikakadiria kama dakika mbili zimepita, nikashika koleo. Yule mama hakupiga kelele. Alinidaka mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamtoka, akasema, "Mwanangu, bado naisikia." Dawa ilikuwa nzima na mahali nilipochoma palikuwa sahihi. Nilichomnyima ni dakika 3.

Haya nawaandikia matabibu wa meno na madaktari wanaoanza kazi kwenye vituo vya afya na hospitali za wilaya, penye kiti kimoja, msaidizi mmoja na ganzi ya aina moja: lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini 1:80,000, ambayo makopo mengine huiandika lignokaini. Ni ileile. Maandishi hayamfundishi mtu kuchoma. Hilo utalijifunza mwalimu akiwa amesimama begani kwako. Haya ni yale anayokukumbusha akishaondoka.

Ijue dawa uliyoishika

Asilimia 2 maana yake ni mg 20 katika kila ml 1. Katriji, yaani kile kichupa cha dawa kinachoingia kwenye bomba, ikiwa ya ml 1.8 ina mg 36, ya ml 2.2 ina mg 44. Soma ubavuni mwa katriji ujue unayo ipi, maana hesabu zote za baadaye zinaanzia hapo.

Adrenalini imewekwa ibane mishipa ya damu pale ulipochoma, dawa isibebwe haraka na damu. Ndiyo inayofanya jino life ganzi kwa kama saa nzima. Lidokaini tupu hulishika jino kwa dakika chache tu, kisha mgonjwa anaruka kitini ukiwa katikati ya kazi. Chupa ya lidokaini tupu na ile yenye adrenalini zinaweza kufanana kama mapacha, kwa hiyo soma lebo kila siku, hata kama jana uliisoma.

Inua katriji kwenye mwanga. Maji yawe maangavu. Kiputo cha ukubwa wa kichwa cha pini hakina neno. Kiputo kikubwa na kizibo cha mpira kilichosukumwa nje ni dalili kwamba katriji iliganda kwenye friji: tupa. Iliyogeuka njano au kahawia nayo tupa, kwa kuwa joto na jua vimeshaila adrenalini. Na tafadhali, usizitumbukize katriji kwenye spiriti ukidhani unazisafisha. Spiriti hupenya ile ngozi ya mpira, ikaenda kumchoma mgonjwa nyamani na kuumiza neva. Pamba yenye spiriti kidogo kwenye mpira inatosha.

Kama kituo chako kinatumia chupa kubwa ya dozi nyingi, sindano iliyokwisha kuingia kwa mgonjwa haigusi tena chupa. Ukihitaji kuongeza dawa, chukua bomba jipya na sindano mpya. Katriji iliyobaki nusu haiendi kwa mgonjwa wa pili hata kama sindano umebadilisha, kwa sababu damu ya yule wa kwanza inaweza kuwa imerudi ndani bila wewe kuiona.

Muulize kabla hujafungua pakiti ya sindano

Usiulize, "Una ugonjwa wowote?" Atajibu hana. Uliza kimoja kimoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Presha unayo?"

"Ninayo, lakini dawa niliacha. Nilijisikia nafuu."

Mpime. Ikiwa 180/110 au zaidi na jino linaweza kusubiri, mpe dawa ya maumivu na barua ya kwenda kwa daktari, arudi presha ikishatulia. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya miezi 6, mwenye maumivu ya kifua yasiyotabirika, au mwenye tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi bila tiba, si wa kufanyiwa kazi kituoni kwako. Mpeleke mbele.

Mgonjwa wa moyo au wa presha aliyetulia anaweza kupata ganzi yenye adrenalini, ila kwa kipimo. Kikomo kinachotumika ni maikrogramu 40 kwa mara moja. Adrenalini ya 1:80,000 ina maikrogramu 12.5 kwa ml, hivyo katriji ya ml 2.2 inabeba 27.5. Simama kabla hujafika katriji moja na nusu. Wapo wenzetu wanaoiogopa adrenalini kiasi cha kumchoma mzee wa presha lidokaini tupu, kisha wanamng'oa akiwa anaumia. Mtu anayeumia hutoa adrenalini mwilini mwake mwenyewe, na hiyo haina katriji ya kuipimia. Mimi naona ganzi iliyokolea vizuri ndiyo inayomlinda.

Mwambie aonyeshe dawa anazotumia; wengi wanazo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba. Ukiona propranolol, dawa ya presha na moyo, punguza adrenalini kama kwa mgonjwa wa moyo, choma kidogo, pumzika, pima tena presha. Mjamzito anaweza kuchomwa lidokaini. Miezi mitatu ya katikati ndiyo myepesi zaidi kwa kazi isiyo ya dharura, na mimba ikiwa kubwa mlaze ameegemea kidogo ubavu wa kushoto. Jino lenye usaha halingoji mama ajifungue.

Wengine watakuambia wana mzio wa ganzi. Waulize walionaje. "Moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka" ni adrenalini au hofu. "Nilivimba macho, nikatoka mabaka ya kuwasha, nikakosa pumzi" ni jambo jingine kabisa. Huyo usimchome, mpe rufaa. Mzio wa kweli wa lidokaini ni nadra sana, lakini anayekuelezea hivyo si wa kumfanyia majaribio.

Mwisho muulize kama amekula. Aliyeshinda na njaa, awe amefunga au amekosa hela ya chai, huzirai kwa urahisi.

Hesabu kwa kilo

Kwa watu wazima wengi hutafikia kikomo. Kwa watoto unaweza kukivuka bila kujua, na hapo ndipo ganzi imeua watoto duniani. Natumia kikomo cha tahadhari cha mg 4.4 kwa kila kilo, na kisizidi mg 300 kwa yeyote yule. Vitabu vingine vinaruhusu hadi mg 7 kwa kilo dawa ikiwa na adrenalini. Sijawahi kuihitaji nafasi hiyo.

Mtoto wa kilo 15: 15 mara 4.4 ni mg 66. Gawanya kwa 44, unapata katriji moja na nusu ya ml 2.2, basi. Mtu mzima wa kilo 60 ni mg 264, yaani katriji 6 za ml 2.2. Usimkisie mtoto uzito kwa macho. Mizani ipo kliniki ya mama na mtoto, hatua chache kutoka mlangoni kwako. Na kama ana meno mabovu pande zote nne, fanya upande mmoja leo, mwingine siku nyingine.

Ukipata artikaini ya asilimia 4, ambayo ni ganzi ya aina nyingine, kumbuka kila ml ina mg 40. Kwa miligramu, katriji yake moja ni sawa na mbili za lidokaini zenye ujazo huohuo. Chini ya miaka 4 haitumiki.

Taya la juu

Huku kuna unafuu. Mfupa wa taya la juu ni mwepesi wenye vitundu, dawa hupenya yenyewe hadi mizizini. Mlaze mgonjwa nusu chali. Kausha mahali pa kuchoma, paka ganzi ya jeli kama unayo na iache angalau dakika 1. Vuta shavu likaze, ingiza sindano fupi pale ufizi unapokutana na shavu, usawa wa jino lenyewe, ule mkato wa mshazari kwenye ncha ukiangalia mfupa. Vuta pistoni nyuma. Kama hakuna damu, sukuma polepole ml 1 hadi 1.5.

Kwa kung'oa unahitaji pia kaakaa, na kaakaa linauma. Nyama yake imeshikana na mfupa, haina pa kutanukia. Bonyeza mahali hapo kwa mpini wa kioo cha meno hadi paonekane peupe, endelea kubonyeza, choma pembeni mwa mpini. Tone moja moja, ml 0.2 au 0.3, ukiona pameenea weupe acha. Anayesukuma kwa nguvu hapa anaweza kuacha kidonda.

Taya la chini

Kwa magego ya chini ya mtu mzima ganzi ya ufizini haitoshi, mfupa ni mgumu. Unaifuata neva kabla haijaingia kwenye tundu lake upande wa ndani wa taya. Hii ndiyo bloku, na ndiyo inayowatoa wengi jasho.

Tumia sindano ndefu, ya mm 35 hivi. Usiipinde na usiizamishe hadi shinani, kwa sababu ikikatika huvunjikia shinani, na iliyozama yote huna pa kuishikia.

Mgonjwa afungue mdomo wote. Kidole gumba chako kiingie shavuni hadi kikae kwenye lile bonde la ukingo wa mbele wa mfupa unaopanda nyuma ya magego. Ukitazama ndani zaidi utaona mkunjo wa nyama unaoshuka kutoka kwenye kaakaa hadi nyuma ya gego la mwisho la chini, kama kamba iliyokazwa chini ya ngozi. Sindano inaingia kati ya kidole na kamba hiyo, karibu zaidi na kamba, mm 6 hadi 10 juu ya uso wa magego ya chini. Bomba lako linalala juu ya magego madogo ya upande wa pili. Kwa mtoto shuka hadi usawa wa uso wa magego, kwa kuwa tundu la neva kwake liko chini zaidi.

Ingia taratibu hadi uguse mfupa. Kwa mtu mzima utaugusa kwenye mm 20 hadi 25, theluthi mbili ya sindano hivi. Ukiugusa kabla ya nusu, uko mbele mno: rudi nyuma kidogo, peleka bomba kuelekea chonge, endelea. Sindano ikikaribia kuisha hujagusa mfupa, uko nyuma mno: rudi, peleka bomba juu ya magego makubwa, jaribu tena. Usimwage dawa kabisa kabla hujagusa mfupa. Nyuma kule kuna tezi la mate na neva ya uso. Ukimwaga dawa huko, mgonjwa atashindwa kufumba jicho na mdomo utakwenda upande. Likitokea, mtulize, lifunike jicho lisikauke. Hurejea ganzi ikiisha.

Ukishagusa mfupa, rudi mm 1. Vuta pistoni. Tazama ndani ya katriji: ukiona uzi mwekundu unaingia, uko ndani ya mshipa wa damu. Sogeza, vuta tena. Katriji ikijaa damu, badilisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwenye bloku mishipa iko jirani sana. Sasa sukuma ml 1.5, na isichukue chini ya dakika 1. Kwa kimya hesabu moja hadi sitini. Rudi nyuma hadi nusu ya sindano, vuta tena pistoni, acha kiasi kidogo kwa neva ya ulimi. Kama unang'oa gego, malizia na ml 0.3 ufizini upande wa shavu, nyuma ya gego la mwisho, kwa sababu pale panahudumiwa na neva nyingine.

Subiri, halafu jaribu

Baada ya sindano mwinue kidogo, kaa naye. Usimtoe nje kwenye benchi ili umchome wa pili, wa tatu, kisha uwaite kwa foleni. Najua tunafanya hivyo. Lakini dawa ikileta madhara mwilini, mara nyingi huyaleta dakika hizo hizo za kwanza, na benchi halina macho.

Dakika 3 hadi 5 juu, 5 hadi 10 chini. Kisha muulize: "Mdomo unausikiaje?" Usimuulize kama ganzi imeingia, hajui ikiingia inakuwaje. Sikiliza maneno yake. Akisema "unawasha washa", bado. Akisema "mzito, kama umevimba", akaushika na kutaka kioo, bloku imeshika. Nusu ya mdomo wa chini hadi katikati ya kidevu iwe nzito. Isipokuwa hivyo, usiguse jino.

Halafu chukua probu, kile kijiti cha chuma cha kupimia ufizi, bonyeza ufizi kuzunguka jino, upande wa shavu na wa ulimi, ukimtazama macho badala ya kumtazama jino. Mwambie mapema: "Utasikia nasukuma, utasikia mlio, lakini hupaswi kusikia kali. Ukisikia kali, inua mkono wa kushoto, nitaacha." Na akiinua, acha kweli.

Ganzi ikikataa

Kabla hujazilaumu pombe anazokunywa mgonjwa, angalia mambo mawili. La kwanza ni mkono wako: bloku nyingi zinazoshindwa zimechomwa chini mno. Rudia juu kidogo ya ulipochoma mwanzo. Mdomo ukiwa mzito lakini jino bado kali, ongeza ufizini upande wa shavu, au kati ya jino na mfupa, ml 0.2 kwa kila mzizi, ukisukuma kwa nguvu na polepole. Hesabu ya miligramu inaendelea pale ulipoishia, haianzi upya.

La pili ni usaha. Mgonjwa wetu huja wiki ya tatu, baada ya karafuu, chumvi na vidonge vya dukani. Dawa ya ganzi hupita kwenye utando wa neva ikiwa haina chaji. Penye uvimbe wenye usaha tindikali imejaa, sehemu kubwa ya dawa inapata chaji na kubaki nje. Kuongeza katriji palepale ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na kuchoma ndani ya jipu kunaweza kuusambaza uchafu. Choma mbali, penye nyama nzima, kwa bloku. Jipu likiwa limeiva, litoboe usaha utoke. Mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo, mwenye uvimbe chini ya kidevu, ulimi umeinuka, anameza kwa shida, huyo hana haja ya ganzi yako. Anahitaji gari la wagonjwa sasa hivi.

Mambo yakiharibika

Mara nyingi itakuwa kuzirai: anatoka jasho jembamba, rangi inamtoka, anapiga miayo. Laza kiti, inua miguu juu ya kichwa, legeza kola. Akizinduka mpe kitu kitamu anywe.

Dawa ikizidi damuni, mgonjwa husema mdomoni kuna ladha ya chuma, masikio yanalia, ulimi unachoma. Anakuwa mwongeaji ghafla, anatetemeka, kisha degedege, kisha usingizi mzito na pumzi kukatika. Ukisikia tu ile ladha ya chuma, toa sindano. Ita msaada, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, degedege lizuie kwa diazepamu ya mshipani, pumzi ikikatika mpumulie kwa bagi ya kupumulishia. Mahali penye mafuta ya mshipani ya asilimia 20, huanzwa ml 1.5 kwa kilo.

Mzio mkali ni mabaka, uso kuvimba, kifua kubana, presha kushuka. Adrenalini ya 1:1000, ml 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, ml 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, ml 0.15 chini ya hapo. Rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Ile iliyo kwenye katriji ya ganzi haifanyi kazi hii. Ampuli ikae kwenye trei, pamoja na bomba lake, si kwenye kabati ambalo ufunguo kaondoka nao mtu wa zamu ya jana.

Na wewe mwenyewe: kifuniko cha sindano kiache mezani, kichote kwa mkono mmoja. Sindano iende kwenye boksi la usalama kwa mkono wako, usimwachie msaidizi. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, nenda ukaanze dawa za kinga ya VVU siku hiyohiyo. Baada ya saa 72 huwa umechelewa.

Kabla hajaondoka

Ganzi ya jino huisha mapema, ya mdomo na ulimi hubaki saa 3 hadi 5. Mtoto hajui hilo. Kwake mdomo umekuwa kitu cha ajabu, anautafuna kwa udadisi. Mama mmoja aliwahi kurudi jioni akilia na mwanawe, mdomo wa chini umevimba mwekundu, akiamini sindano ilikuwa chafu. Mtoto alikuwa ameutafuna ndani ya daladala, na mimi sikuwa nimemwambia mama chochote. Siku hizi namwambia mara mbili: asile, asinywe chai ya moto, mwangalie mdomo hadi aseme umerudi. Mtoto mdogo namwekea pamba kati ya meno.

Kisha andika kwenye faili: dawa gani, katriji ngapi na za ml ngapi, ulichoma wapi, saa ngapi, na kama ilibidi urudie. Ikiwa bloku ilishika mara ya pili ulipopanda juu kidogo, liandike hilo pia. Atakayemkuta mwakani huenda si wewe.